Shukrani kwa Makatibu wa Mikutano
Mtu aliyepewa kwa mara ya kwanza amana ya kutayarisha mkutano wa biashara hudhani, kama nilivyodhani mimi nilipokabidhiwa mkutano wa wafanyabiashara wa mbata hapa Tanga, kwamba kazi kubwa ni hotuba na karamu. Kumbe shughuli yote imebebwa na katibu, ambaye majuma mawili kabla ya siku yenyewe amekwisha kupeleka barua, kuhesabu majibu na kupima iwapo akidi itatimia, kwa kuwa mkutano usio na akidi, hata ukijaa maneno ya hekima, hauwezi kupitisha azimio lolote.

Nilimtazama mzee mmoja, aliyejifunza kazi hiyo katika vyama vya ushirika, vile vilivyowekewa sheria yake Tanganyika mwaka 1932, akiipitia ajenda yangu kwa kalamu ya risasi. "Mwanangu," aliniambia, "hesabu za fedha zitangulize, watu wangali na akili timamu, na kwa kuwa ni Ijumaa, ufunge kabla ya saa 6, wapate kuwahi msikitini." Kisha akaenda ukumbini, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akaniamuru nisome kwa sauti yangu ya kawaida, ili ajue kama itamfikia.

Kazi hii haina shangwe, na jina la mwenye kuifanya huandikwa mwisho wa kumbukumbu, chini ya sahihi ya mwenyekiti; nami naona ni dhulma, maana ndiye aliyekesha akiziandika kwa insafu, asimwongezee msemaji neno wala kumpunguzia.