Mkalimani Aliyefichwa: Uhakiki wa Filamu ya "Judgment at Nuremberg"

Filamu hii ya Stanley Kramer (1961) husifiwa kwa swali lake zito: je, hakimu aliyetekeleza sheria dhalimu za Wanazi aponyoke kwa kusema kuwa sheria ni sheria? Sifa hiyo inastahili. Mwandishi wake, Abby Mann, aliegemea kesi ya mwaka 1947 ambamo mahakama ya Kimarekani mjini Nuremberg iliwakabili wanasheria 16 wa Kijerumani. Filamu imewabakiza wanne. Huo ni uhuru wa msanii.

Tatizo liko kwenye lugha. Wakili wa utetezi (Maximilian Schell) anaanza hotuba yake kwa Kijerumani, wakalimani wakimfuata. Ghafla kamera inamsogelea usoni na, lo! anazungumza Kiingereza. Tangu hapo Wajerumani wote ni Waingereza watupu. Ujanja huo unamrahisishia mtazamaji, lakini unamfanya aamini kwamba ushahidi huvuka kutoka lugha hadi lugha bila kuguswa na mtu.

Mambo hayakuwa hivyo. Kesi iliyotangulia, ile ya mahakama ya kimataifa (1945-1946), iliendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Taa ya manjano iliwaka msemaji alipokwenda mbio. Nyekundu ilimtaka anyamaze. Machi 1946 mwendesha mashtaka Robert Jackson alimbana Göring kwa hati iliyotafsiriwa kuwa inahusu "ukombozi" wa Rhine. Göring akajibu kwamba neno la Kijerumani lilihusu kuondoa vyombo mtoni. Tafsiri moja, na shambulio zima likawa butu!

Sisi tuna mfano wa karibu zaidi. Katika hukumu ya Akayesu (2 Septemba 1998), majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, walieleza kwamba maneno ya Kinyarwanda yalipita kwenye Kifaransa kwanza ndipo yakafika kwenye Kiingereza. Walimsikiliza mtaalamu wa isimu juu ya maneno kama inyenzi, ambalo mwenye kamusi tu atasema ni mende. Mshtakiwa alifungwa maisha. Katika kesi ya uzito huo, mkalimani afichwe ili hadithi iende haraka?

Filamu itazamwe, hata mara mbili. Ila mwalimu wa ukalimani aisimamishe pale kamera inapoanza kusogea, kisha wanafunzi waitolee hotuba ile ukalimani wa papo kwa papo kwa Kiswahili, saa ikihesabu.