Dakika Nne, Tatu, Mbili: Uchambuzi wa Mazoezi ya Ufasaha wa Kusema katika Madarasa ya Tunduma

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali mjini Tunduma, au Vwawa, au Mlowo, mara nyingi huwa tayari na lugha mbili: lugha ya nyumbani, ambayo yaweza kuwa Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali, na Kiswahili alichosomea shule ya msingi, kisha hutakiwa kujifunza fizikia na historia kwa Kiingereza, lugha aliyoisoma kwa miaka kadhaa kama somo, lakini ambayo ni nadra kuwa ameitumia kueleza jambo kwa dakika mbili mfululizo. Ujirani na Zambia, ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi, haumsaidii kadiri inavyodhaniwa, kwa kuwa Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, na wachuuzi wa Tunduma na wa Nakonde, upande wa Zambia, huelewana kwa lugha walizo nazo tayari. Kwa wanafunzi wengi, basi, darasa ndilo mahali pekee ambapo Kiingereza kitasemwa, kama kitasemwa kabisa.

Ufasaha wa kusema, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa ufundishaji wa lugha, ni uwezo wa kutoa usemi mfululizo, kwa kasi inayomfaa msikilizaji, bila kukwama katikati ya kishazi kutafuta neno. Mwanasaikolojia wa lugha Willem Levelt, katika kitabu chake cha mwaka 1989, aligawa kazi ya kusema katika hatua tatu, yaani kuandaa wazo, kulivika maneno na sarufi, na kulitamka. Kwa anayesema lugha aliyoizoea, hatua ya pili na ya tatu hujiendesha zenyewe, akili ikabaki huru kushughulikia wazo. Anayejifunza, kinyume chake, hulazimika kuelekeza umakini kwenye hatua zote tatu kwa pamoja, na ndiyo maana hukwama hata pale anapotaka kutumia maneno anayoyajua. Kinachofuata hapo ni jambo ambalo walimu wengi hulipuuza: ufasaha haujengwi kwa kumwongezea mwanafunzi msamiati mpya, bali kwa kumpa nafasi ya kutumia tena na tena, kwa kasi inayozidi, ule alio nao.

Historia ya tatizo hili nchini ni ndefu. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd, katika ripoti yao kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania, walieleza kwamba hata katika kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi waliofikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanzia. Mradi uliofuata, uliofadhiliwa na Uingereza, ulitegemea zaidi vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi ili wanafunzi wasome kwa wingi. Dawa hiyo ilikuwa sahihi kwa usomaji, lakini usemi haukupata mpango wa uzito uleule, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, ambao kwa miaka mingi umekuwa wa maandishi, haukumpa mwalimu sababu ya kuupatia kipindi.

Zoezi linalostahili kuchambuliwa kwa kina ni lile la dakika nne, tatu, mbili, lililoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983 na kuchunguzwa baadaye na Paul Nation wa New Zealand. Mwanafunzi huzungumzia mada moja kwa dakika nne mbele ya msikilizaji mmoja, kisha hurudia mazungumzo yaleyale kwa dakika tatu mbele ya msikilizaji wa pili, na hatimaye kwa dakika mbili mbele ya wa tatu. Nation alionyesha kwamba nguvu ya zoezi hutokana na vipengele vitatu vinavyotegemeana. Msikilizaji mpya humfanya msemaji awe na sababu ya kweli ya kurudia. Marudio hupunguza kazi ya kuandaa wazo, hivyo umakini ukahamia kwenye maneno. Na muda unaopungua humzuia kujaza nafasi kwa mambo mapya, ambayo yangemrudisha kwenye kigugumizi cha mwanzo. Utafiti wa Nel de Jong na Charles Perfetti, uliochapishwa mwaka 2011, ulithibitisha umuhimu wa kipengele cha pili: wanafunzi waliobadilisha mada katika kila duru waliongeza kasi wakati wa mazoezi, lakini ni wale waliorudia mada ileile pekee waliobaki na ufasaha huo walipopimwa baadaye kwa mada nyingine.

Hesabu ya muda inaonyesha kwa nini zoezi hili linafaa darasa kubwa. Katika kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 60, wakijibu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja angepata sekunde 40, na hilo lingewezekana iwapo tu mwalimu asingesema neno lolote. Kwa zoezi la Maurice kila mwanafunzi husema kwa dakika tisa, na wenzi wote wawili humaliza zamu zao kwa dakika 18. Madawati hayahitaji kuhamishwa: aliyekaa upande wa kulia wa dawati husogea dawati moja nyuma baada ya kila duru, wa mwisho akaja mbele, huku wa kushoto akibaki palepale. Kwa kidato cha kwanza, dakika nne ni nyingi mno, na ni busara kuanza na tatu, mbili, moja.

Mada ndiyo inayoamua kama zoezi litakuwa la ufasaha au la mateso. Haifai mwanafunzi apewe jambo asilolijua, kwa kuwa atahangaikia wazo na lugha kwa pamoja; na mkoa wa Songwe, ilipo Tunduma na ulioanzishwa mwaka 2016, una mada tele ambazo kila mtoto anazo kichwani: jinsi kahawa ya Mbozi inavyochumwa, kumenywa na kuanikwa, kimondo kilichoko Ndolezi, au safari ya roli kutoka Dar es Salaam hadi mpakani.

Udhaifu wa zoezi usifichwe. Chau Thai na Frank Boers, mwaka 2016, waligundua kwamba muda unaopungua huongeza kasi lakini hausaidii sana usahihi, kwani msemaji aliyebanwa hushika sentensi zake za mwanzo, pamoja na makosa yake. Hatari hiyo ni kubwa kwa wazungumzaji wa lugha za Kibantu, ambazo viwakilishi vyake havitofautishi mwanamume na mwanamke, hivyo kosa la kuwachanganya likirudiwa mara tatu litazoeleka. Tiba yake ni kituo cha dakika tatu baada ya duru ya kwanza, ambapo mwalimu huandika ubaoni makosa mawili au matatu aliyoyasikia akipita kati ya madawati, bila kumtaja aliyeyafanya. Katika kituo hichohicho hutafutwa maneno yaliyokosekana: msemaji aliyekwama aruhusiwe kutia neno la Kiswahili na kuendelea, msikilizaji aliandike, kisha duru ya pili litumike neno la Kiingereza. Desturi ya kumwadhibu anayetamka Kiswahili humfundisha mtoto kunyamaza, na hakuna ufasaha unaozaliwa na ukimya.

Zoezi la pili, la pengo la taarifa, ambamo kila mwenzi ana sehemu ya habari ambayo mwingine hana, lina malighafi tele Tunduma, mji ambao kituo chake cha pamoja cha forodha na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Mmoja hupewa ankara ya mzigo, mwingine hati ya usafirishaji yenye idadi tofauti ya magunia na uzito tofauti, nao hutakiwa kugundua hitilafu bila kuonyeshana karatasi. Hata hivyo zoezi likiishia hapo, wanafunzi watabadilishana tarakimu tu. N. S. Prabhu, aliyeongoza mradi wa Bangalore, India, kati ya 1979 na 1984, aliona kuwa pengo la hoja, linalomtaka mwanafunzi afikie uamuzi kutokana na taarifa alizopewa, huzaa kazi bora zaidi. Kwa hiyo wenzi waamue pia kama roli lipite au lizuiwe, na watoe sababu.

Maendeleo hupimwa kwa njia rahisi: msikilizaji huhesabu mara ambazo mwenzake alikwama katikati ya kishazi, si mwishoni mwake, kwa kuwa kutua mwishoni ni kawaida hata kwa mzungumzaji hodari. Hesabu hiyo ichukuliwe mwanzoni na mwishoni mwa muhula, kwa mada ambayo darasa halijawahi kuizungumzia, kwani mada iliyokwisha kurudiwa mara tatu huonyesha tu kwamba imezoeleka.