X3J11 waliharibu upandishaji

C89, kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989, ni kiwango kizuri chenye uamuzi mmoja mbaya, na anayezidisha uint16_t mbili (namba za biti 16 zisizo na alama) bado anaulipia.

Vima vya chini havina tatizo: char biti 8, short na int 16, long 32. Mashine za wakati ule zilitofautiana mno.

Tatizo ni upandishaji, yaani aina ndogo kugeuzwa kuwa int au unsigned int kabla ya hesabu. Kompaila nyingi za Unix, kwa mapokeo ya Bell Labs, zilipandisha unsigned short kuwa unsigned int. Isiyo na alama ilibaki isiyo na alama. Kamati ya X3J11, iliyoandika C89, ikaipindua kanuni hiyo: int ikiweza kubeba thamani zote za aina ndogo, basi ipande kuwa int. Wakasema wanamlinda asiye mzoefu.

Wamemlinda na nini? Chukua 65535 mara 65535, zote mbili unsigned short za biti 16. Int ikiwa ya biti 16, haiibebi 65535, kwa hiyo aina inapanda kuwa unsigned int, hesabu inazunguka, jibu ni 1. Kiwango kinalitambua jibu hilo. Peleka mstari uleule kwenye int ya biti 32: pande zote mbili zimekuwa int, zao ni 4294836225, kikomo 2147483647. Tabia isiyofafanuliwa! Kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba haitokei kamwe, ikafuta hata ukaguzi ulioandika chini yake. Programu iliyokuwa sahihi imeharibika kwa kupewa nafasi kubwa zaidi, na aliyeiandika hakutaja int popote. Kwa kanuni ya zamani ya Bell Labs, ungepata 4294836225 yako salama.

Watetezi huleta ulinganisho na -1: kwa kanuni ya zamani, -1 ikilinganishwa na unsigned short ingegeuzwa kuwa namba kubwa isiyo na alama. Lakini unsigned int ikilinganishwa na -1 inashangaza vilevile mpaka leo, kwa hiyo hata huko waliziba nusu ya tundu.

C99 ikaleta stdint.h, kazi safi, ila jina uint16_t linaahidi uthabiti ambao upandishaji unaunyang'anya. Lugha ya Ada ya 1983, kinyume chake, ilimwachia mtu ataje masafa anayotaka, kompaila itafute chombo.

C23 imelazimisha kijalizo cha mbili kwa namba hasi, vyema, lakini mfuriko wa int umebaki bila ufafanuzi, nasi tunaendelea kuandika 1U * a * b ili kuilazimisha hesabu iwe ya unsigned. Toleo hilohilo limeleta _BitInt, aina za namba ambazo mwandishi anachagua idadi ya biti, na aina hizo kamati imeziondoa kwenye upandishaji. Unsigned short imeachwa palepale ilipowekwa mwaka 1989.