Mwanafunzi Asiye na Utanzu: Marangu, Ng'ambo na Nathari ya Kiswahili

Mwanafunzi wa ng'ambo ana nafasi kubwa katika historia ya Marangu, lakini katika nathari ya Kiswahili hana makazi. Katika miaka ya 1940 Thomas Marealle, wa ukoo uliotawala Marangu, alisoma Aberystwyth, Wales, na London. Mwaka 1952 akasimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 Petro Itosi Marealle, wa ukoo huohuo, alichapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera (1947). Ukoo mmoja ulitoa mwanafunzi wa ng'ambo na mwandishi wa Kiswahili takriban kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kitabu hakikuandikwa juu ya mwanafunzi.

Jina la kitabu ni ufunguo wa mtazamo wake. Maisha ya Mchagga yanafuatwa tangu kuzaliwa hadi kufa na kuungana na wahenga. Chini ya hatua zote hizo kuna ardhi moja, yaani kihamba: humo migomba na mibuni hukua pamoja, na humo marehemu huzikwa. Elimu ya jadi nayo ilikuwa na mahali pake, kama inavyoonyesha mregho, fimbo yenye alama ambayo vijana walifundishiwa. Elimu hiyo ilimfunga kijana na mahali. Shahada humpa ujuzi kwa sharti la kuondoka. Katika ramani yenye dunia na ahera, ng'ambo haionekani.

Utanzu ulioishughulikia ng'ambo ni habari za safari. Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 akiwa mmoja wa mashahidi wa Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, aliandika Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza (1932). Vitenzi viwili vya jina hilo vinatosha kumtambulisha msafiri: ameona, ametenda, amerudi akiwa yuleyule. Mwanafunzi hurudi akiwa mwingine, na badiliko hilo ndilo lisilopata kitenzi.

Inaweza kupingwa kwamba riwaya imekwisha kuliziba pengo hili. Kazimoto wa Kichwamaji (Kezilahabi, 1974) ni msomi aliyetengwa na kwao. Pingamizi hili lina uzito, ila kutengwa kwake kunaishia katika kujiua. Riwaya hiyo inaonyesha gharama ya usomi. Haionyeshi namna msomi anavyoweza kuendelea kuishi baina ya mahali pawili.

Pengo hili ni la lugha pia. Kijana wa Marangu huzungumza na bibi yake kwa Kichagga, na hujieleza kwa Kiingereza katika barua ya kuomba nafasi ya chuo. Kiswahili kimesimama katikati, na kwa hiyo ndicho chenye uwezo wa kuzisimulia pande zote mbili. Uhakiki unapomsoma Marealle katika rafu ya mila na Kayamba katika rafu ya safari, unaurudia mgawanyo uleule uliomwacha mwanafunzi nje. Wakisomwa pamoja, swali jipya huibuka: ni nathari gani ingeweza kuisimulia Desemba, mwezi ambao Wachagga waliotawanyika hupanda mlima kurejea vihambani, kisha huondoka tena?