Ijumaa ya David Allen

Kwenye daftari langu kuna mstari unaojirudia mara tisa: "Kuongea na baba kuhusu shamba." Mara ya kwanza nimeuandika kwa mwandiko wa mtu aliyeamua kubadilisha maisha yake. Mara ya tisa umebaki "Baba, shamba". Katikati kuna wiki tisa za utaratibu ulionifanya nilale vizuri sana, na siku hizi najiuliza kama usingizi ule ulikuwa halali yangu.

Utaratibu wenyewe niliutoa kwenye Getting Things Done, kitabu cha mshauri wa Kimarekani David Allen kilichotoka mwaka 2001 na kuandikwa upya mwaka 2015. Wazo lake ni jepesi kueleza. Kichwa si ghala. Kila jambo ambalo hujalimaliza linakutafuna, kwa hiyo litoe kichwani, uliweke kwenye orodha unayoiamini, na akili itatulia kama maji (mfano huo anasema ameutoa kwenye karate). Lakini orodha isiyosomwa haiaminiki. Ndiyo maana moyo wa mfumo wote ni mapitio ya kila wiki: saa mbili hivi, mapema mchana wa siku ya mwisho ya kazi. Unakusanya karatasi zilizotawanyika, unamimina kilichobaki kichwani, unapitia kalenda ya siku zilizopita na zijazo, kisha unasoma orodha zako moja moja: miradi, hatua zinazofuata, mambo unayosubiri kwa wengine, na yale ya labda siku moja.

Nilifurahi kuona kwamba kwa watu wengi hiyo inaangukia Ijumaa. Kiswahili kimekubaliana naye zamani. Sisi tunaanza kuhesabu kesho yake, Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka wiki inafungwa tena Ijumaa. (Tuna siku ya tano mbili, Jumatano kwa Kibantu na Alhamisi kwa Kiarabu, lakini hilo ni deni la mtu mwingine kulieleza.) Basi nikawa nakaa na daftari baada ya alasiri, kwa sababu mchana wa Ijumaa nyumbani kwetu una wenyewe.

Nikiri kwanza kwamba sehemu hiyo ni nzuri. Kurudi nyuma kwenye kalenda peke yake kuliniokoa mara kadhaa: ahadi niliyoitoa kwenye daladala, mtu niliyesema nitamtumia barua pepe jioni. Inachokosa ni watu. Orodha ya mambo unayosubiri kwa wengine ni kijitabu cha pembeni kwa Allen. Yangu ilijaa kurasa mbili: fundi aliyeondoka na pasi, ofisi iliyosema nirudi wiki ijayo, rafiki aliyekopa laki na nusu na sasa anapokea simu kwa kunong'ona. Wiki yangu, nilipoisoma vizuri, ilikuwa mikononi mwa wengine kwa zaidi ya nusu.

Kuna pia kanuni yake maarufu ya dakika mbili: jambo lisilozidi muda huo, lifanye papo hapo. Simu kwa baba yangu haiwezi kuingia humo. Shikamoo, marahaba, habari za kazi, habari za mvua, mguu wa mama mkubwa, jirani aliyeozesha binti. Dakika saba zimekwenda na shida yako bado haijatajwa. Kwa hiyo simu ya baba ikaenda kwenye orodha, na hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu hiki ulipoanzia.

Baba alikuwa ameniuliza kama auze nusu ya shamba la michungwa, kule Muheza. Miti imezeeka, na yeye pia. Nilimwambia nitafikiria. Kabla sijasoma Allen, swali lile lingenikera kitandani usiku, na huenda kero hiyo ingenisukuma kupiga simu. Baada ya kuliandika, lilinyamaza. Kitabu kilitimiza ahadi yake kabisa. Kila Ijumaa nililisoma, nikalihamishia wiki mpya, nikafunga daftari nikiwa mwepesi kama mtu aliyefanya kazi.

Allen angenijibu kwamba "kuongea na baba kuhusu shamba" si hatua. Hatua ni "piga simu". Angekuwa sahihi, na hata hofu hajaisahau: anasema wenye akili ndio huahirisha zaidi, kwa kuwa wanaona vizuri jinsi jambo litakavyoharibika. Dawa yake ni kulipunguza mpaka libaki tendo moja dogo. Lakini namba ya baba naijua kwa moyo tangu nikiwa darasa la tano. Nilichokuwa sitaki ni kusema, "Usiuze, na mimi sitarudi kulilima." Hakuna namna ya kuipunguza sentensi hiyo.

Mmarekani aliyenisaidia zaidi ni wa zamani. Benjamin Franklin, kwenye tawasifu yake, anasimulia alivyojitengenezea kijitabu cha fadhila 13, kila moja ikipewa wiki yake, ili duru nzima irudiwe mara nne kwa mwaka. Ukurasa una safu saba za siku, na kila kosa anaweka doa jeusi. Akawa anakwangua madoa ya zamani ili apate nafasi ya mapya, mpaka karatasi ikatoboka. Akahamia kwenye kurasa za pembe za ndovu, ambazo alama zake zinafutika kwa sifongo yenye maji. Anakiri pia kwamba fadhila iliyomshinda zaidi ilikuwa utaratibu.

Mimi ningemwomba abaki na ile karatasi iliyotoboka. Orodha za Allen, hasa zikiwekwa kwenye simu, ni pembe za ndovu: jambo linahama kutoka wiki hadi wiki bila kuacha kovu, na Ijumaa ya tisa linaonekana jipya kama la kwanza. Mfumo unakuuliza hatua inayofuata ni ipi. Haukuulizi umelikwepa mara ngapi. Mimi niliweza kuhesabu kwa sababu tu ya uvivu wa kununua programu. Nilikuwa nanakili kwa mkono.

Siku niliyohesabu hadi tisa nilipiga simu kabla sijafunga daftari. Tulisalimiana kwa urefu wetu wa kawaida. Nilipofika kwenye shamba, baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilijua umekubali. Hukusema kitu." Alikuwa ameshapokea malipo ya awali, nusu ya upande wa barabarani. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinikaa vibaya zaidi.

Bado nafanya mapitio kila Ijumaa. Pembeni ya kila mstari sasa naandika tarehe ulipoingia kwa mara ya kwanza, na siifuti. Wiki hii wa juu kabisa ni wa kwenda Muheza kumwona mnunuzi pamoja na baba. Una Ijumaa mbili.