Bunduki Mazoezini: Ufundi wa Francis Imbuga

Wafungwa wenye bunduki wanafikaje mbele ya mtawala wa nchi bila mlinzi kushtuka? Katika Betrayal in the City, tamthilia iliyotoka mwaka 1976, Francis Imbuga aliwapitisha mlango wa mbele. Kiongozi wa nchi nyingine anatarajiwa kuzuru Kafira, serikali inataka igizo la kumkaribisha, na wafungwa wanatiwa ndani ya igizo hilo. Boss, mtawala mwenyewe, anaingia mazoezini. Silaha ni za kweli. Pindi watazamaji wanapogundua kwamba mchezo umekwisha kuwa mapinduzi, Boss naye ndiyo kwanza anagundua.

Kwa mwanafunzi wa Kimumu, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Iten, Imbuga alikuwa kwanza swali la mtihani. Miaka ya 2010 tamthilia hii ilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kote nchini vikundi vya waigizaji vilizunguka shuleni kuiigiza. Jadili usaliti, eleza tabia ya Mulili, alama 20. Maswali ya namna hiyo humpima mwandishi kwa ujumbe wake na kuusahau ufundi, ilhali ni ufundi uliomwezesha kusema aliyoyasema mwaka 1976.

Na kipindi kile hakikuwa cha mzaha. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet huko Nandi, walikamatwa bungeni kwa maneno waliyoyatamka humo ndani. Ikiwa bunge halikumlinda mbunge, jukwaa lingemlinda nani?

Kinga ya kwanza ni jina la nchi. Panga upya herufi za Kafira upate Afrika. Mkenya anajiona, lakini hakuna afisa anayeweza kusimama na kulalamika kwamba ametajwa. Kinga ya pili ni Jusper, mwanafunzi ambaye ndugu yake, Adika, aliuawa katika maandamano. Anatembea amevaa joho jekundu, watu wanamwona amerukwa na akili, kwa hiyo husema asemalo. Ni mbinu kongwe, na Imbuga angeweza kuishia hapo. Badala yake anamfanya mwendawazimu huyo kuwa mwandishi wa lile igizo la wafungwa. Tumbo, ofisa wa serikali, anampa ushindi bila shindano lolote kufanyika. Ufisadi wa serikali ndio unaompa mpinzani wake jukwaa, na sijui tamthilia nyingine ya Kenya ambamo kejeli imebeba mzigo mkubwa hivyo wa msuko wa matukio.

Kisha kuna Mulili, binamu wa Boss. Kiingereza chake cha kuungaunga huvunja mbavu za ukumbi mzima, na mwigizaji mvivu hutosheka na kicheko hicho. Lakini tazama kinachofuata: Mulili anagombana na Kabito, mwenzake serikalini, kuhusu zabuni ya maziwa, anampelekea Boss fitina, Kabito anauawa. Hadhira imemchekea muuaji. Mwelekezi anayemwonyesha Mulili kama mchekeshaji mtupu huipotezea tamthilia meno yake.

Imbuga, aliyezaliwa Maragoli mwaka 1947, aliandika pia michezo ya televisheni ya Sauti ya Kenya, na alama ya kazi hiyo inaonekana hapa. Wafungwa Jere na Mosese wamefungiwa katika seli moja, na mazungumzo yao yanatosha kutufahamisha kwamba mhadhiri Mosese alibambikiwa dawa za kulevya baada ya kusema katika mazishi ya Adika. Hakuna umati, hakuna mandhari ya kubadilisha. Kamera moja ingetosha. Katika Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, fasihi, tamthilia na filamu husomeshwa katika idara moja, na onyesho hili la seli lingefaa kuwa somo la kwanza.

Betrayal iliiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo. Novemba mwaka huo Ngaahika Ndeenda, tamthilia ambayo Ngũgĩ alishiriki kuiandika na iliyochezwa kwa Kigĩkũyũ na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilipigwa marufuku. Desemba ikiisha, Ngũgĩ alikuwa mikononi mwa serikali. Imbuga aliendelea kufundisha. Kiingereza kilimkinga: kejeli yake iliwafikia waliosoma, na dola iliwaogopa hao kidogo kuliko wakulima wa Limuru. Kinga hiyo ilikuwa na bei yake, kwani mkulima wa Uasin Gishu alisubiri mwanawe aende sekondari ndipo alisikie jina la Boss nyumbani.

Profesa Imbuga, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa miaka mingi, alifariki Novemba 2012. Uamuzi wake wa kiufundi unaobishaniwa zaidi madarasani ni wa dakika za mwisho: Jusper anampiga risasi Mulili, na Boss anaachwa hai. Wapo wanaouona kuwa woga. Lakini mwaka 1984, katika Man of Kafira, Imbuga alimrudisha Boss jukwaani, safari hii mtawala aliyepinduliwa, anayekula mkate wa uhamishoni.