Tovuti Tuli na Mwandishi Mwenye Haraka

Kuna utanzu mmoja wa uandishi ambao wahakiki hatujaugusa: makala ya "jinsi nilivyojenga tovuti yangu". Umeshaisoma, ndugu msomaji. Mwandishi anaeleza alivyochoshwa na mitambo mizito, alivyochagua zana, alivyopanga mafaili, na jinsi tovuti inavyojipandisha yenyewe hewani. Mwishoni anaahidi kwamba sasa ataandika. Ukitafuta makala ya pili, hakuna.

Kwa maoni yangu, baba wa utanzu huu ni makala ya Tom Preston-Werner ya Novemba 2008, alipoitambulisha Jekyll. Ni makala nzuri, tena fupi. Hoja yake ni ya mwandishi kabisa: anataka kuandika, hataki kuhangaika na violezo wala kusimamia maoni ya wageni. Basi maandishi yawe mafaili ya kawaida, programu iyageuze kuwa kurasa za HTML mara moja, na seva ibaki na kazi ya kuzigawa tu. Hakuna hifadhidata ya kuharibika. Udhaifu wake ni kwamba unamaliza kuisoma ukiamini kilichokuzuia kuandika ni mtambo. Jamani, mimi kilichonizuia hakikuwa mtambo.

Nasema hivi nikiwa mkosaji. Hadithi zangu kumi na moja zilipotea siku jukwaa moja lilipofungwa. Nakala nilikuwa nazo za tatu tu. Kwa hasira nikajenga tovuti yangu kwa Jekyll, na chapisho la kwanza, bila shaka, likawa ni jinsi nilivyoijenga. Kati ya zile nane zilizopotea, mpaka leo nimeandika upya moja.

Sasa tuje kwenye huko kujipandisha, maana ndiko kwenye utamu na ndiko kwenye hatari. Unahifadhi faili, unalisukuma GitHub, roboti inaamka, inajenga kurasa, inazipandisha. Ni suala la dakika. Kwa kusahihisha herufi iliyoanguka, sijaona kitu kizuri kuliko hiki. Kwa kuchapisha hadithi ni balaa, kwa sababu kati ya kidole chako na msomaji hakuna mtu. Zamani ukipeleka hadithi gazetini ulikaa wiki ukimlaani mhariri, na katika kulaani huko ukagundua mwenyewe kwamba mwanzo haufai.

Ile moja niliimaliza saa saba usiku. Nikaandika tarehe ya siku hiyo juu ya faili, nikasukuma, roboti ikaweka alama ya kijani. Nafungua tovuti, hadithi haipo. Nikarudia mara mbili, kijani tena, na hadithi haipo. Nikalala nimenuna.

Asubuhi ndipo nilipoelewa. Ile seva inahesabu saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kwangu ilikuwa tarehe nne, kwake bado tarehe tatu, na Jekyll, usipoiambia vinginevyo, haichapishi chapisho la tarehe ambayo haijafika. Wala haikwamishi ujenzi, inaliruka tu. (Sisi ambao usiku ni wa kuamkia kesho tulitakiwa kulijua hili kabla ya watu wote.) Na hata tarehe yake ilipofika, hakuna aliyeiamsha roboti ijenge tena, kwa hiyo hadithi ilikuwa bado imekaa pale.

Katika kutafuta kosa kwenye faili, nikaisoma hadithi kwa mara ya kwanza mchana. Kurasa za mwanzo bibi anazikwa. Karibu na mwisho, bibi yuleyule anachemsha uji.

Siku hizi rasimu zinakaa kwenye tawi lake, na roboti haijengi kitu mpaka niziunganishe na tawi kuu, mchana kweupe, baada ya chai. Saa za seva sijazirekebisha.